Rimoti ya Kuwasha Gari: Anza na Gia

Likizo iliyopita nilikuwa gereji ya mjomba, Runzewe. Mteja akaleta Corolla ya zamani, manyuo, anataka iwake kwa rimoti. Nikajiona fundi.

Nyuma ya swichi ya funguo, kwa gari nyingi za zamani, waya wa betri una volti 12 muda wote. Mwingine unapata umeme ukifungulia ON, na haukatiki hata stata ikizunguka. Wa redio unakatika hapo kidogo. Wa stata unapata umeme wakati wa kustati tu. Usibahatishe kwa rangi, pima kwa mita, na umeme wa betri upitie kwenye fyuzi. Kisanduku cha rimoti kinaiga mkono wako kwenye hizo waya.

Ila mkono wako unajua gia iko wapi. Nikabonyeza. Kumbe gari limeachwa gia namba moja, maana handbreki imechoka. Likaruka hadi kwenye benchi. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kufuata chai.

Otomatiki ina swichi inayozuia stata mpaka gia iwe P au N, na kisanduku lazima kipitie hapo. Manyuo nyingi za zamani hazina. Mjomba alizing'oa waya mwenyewe, hakunisemesha. Mteja anawasha kwa funguo mpaka leo.