Nani Anayehimili? Uchambuzi wa Istilahi "Deni Himilivu" katika Mjadala wa Deni la Taifa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi "deni himilivu", ambayo ni nguzo ya hoja za Serikali kila unapozuka mjadala wa deni la taifa nchini Tanzania. Mwezi Desemba 2021 aliyekuwa Spika wa Bunge, Job Ndugai, alionya kuwa kwa mikopo hiyo nchi ingeweza kupigwa mnada. Tarehe 6 Januari 2022 alijiuzulu. Katika malumbano hayo, sitiari ya mnada ilikabiliana na istilahi ya wataalamu.

2.0 Maana ya Kitaalamu

Kwa wanauchumi, kigezo kimojawapo cha uhimilivu ni kwamba thamani ya sasa ya deni isizidi asilimia 55 ya Pato la Taifa. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inataja asilimia 50. Nchini Kenya, ukomo wa shilingi trilioni 10 ulibadilishwa mwaka 2023 kuwa asilimia 55 ya pato. Hivyo, deni laweza kuongezeka na bado likaitwa himilivu, maadamu pato nalo linaongezeka.

3.0 Uchambuzi wa Kimofolojia

Neno "himilivu" limeundwa kwa kitenzi "himili" na kiambishi "-vu". Katika "mvumilivu" na "mstahimilivu", kiambishi hiki humtaja mtenda: yule anayevumilia au kustahimili. Kwa kanuni hiyo, "deni himilivu" lingekuwa deni lenye kuhimili, ilhali kinachokusudiwa ni deni linalohimilika. Yaweza kudaiwa kwamba matumizi yameshahalalisha mgeuko wa aina hii, kwani husemwa pia "usikivu wa redio", ambapo redio ndiyo inayosikiwa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, tatizo linabaki: katika "deni himilivu" mhimili wa mzigo, yaani mlipa kodi, hatajwi.

4.0 Mfano wa Babati

Mjini Babati, Kiswahili huwakutanisha wasemaji wa Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kibarbaig. Kwa wengi wao ni lugha ya pili, na mnada wa mifugo ni jambo wanalolifahamu vyema. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani. Fedha hizo huitwa "mkopo" siku ya uzinduzi na "deni" siku ya marejesho. Mkopo huonekana kwa lami, deni halionekani. Ndiyo maana sitiari ya mnada hupenya haraka kuliko asilimia, ingawa haielezi faida ya barabara.

5.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba mnada hutisha bila kupima, na uhimilivu hupima bila kumtaja anayebeba. Inapendekezwa kwamba hotuba za bajeti zitumie "deni linalohimilika", zikibainisha linahimiliwa na nani, kwa kodi zipi na kwa muda gani. Raia hawezi kuridhia wala kupinga mzigo asioambiwa kuwa ni wake.