Udongo wa Chomboni Usitifuliwe



Mwaka jana tuliwafundisha watu wetu mjini Moshi kupanda mboga katika ndoo, magunia na mapipa, maana wengi wamepanga chumba tu, wala hawana shamba. Tuliwaambia: "Kila mavuno yakiisha, mwageni udongo chini, mtifue sana, mtie samadi, mkajaze tena." Mjane mmoja alitusikia, akafanya vile vile tulivyosema. Alitwaa samadi ya kuku iliyotoka bandani siku ile ile, akaichanganya na udongo, akapanda miche ya sukuma wiki aliyoinunua kwa fedha ya maandazi yake. Baada ya siku chache majani yaliungua pembeni. Juma la pili halijaisha, miche yote ilikuwa imekufa. Akaja kutuuliza kwa upole, "Mchungaji, nimekosa wapi?"

Yeye hakukosa, tuliokosa ni sisi. Tulifundisha neno ambalo hatukulichunguza. Basi imetupasa kuandika somo hili, hasa kwa ajili yenu wainjilisti na walimu, ambao watu huwasikiliza na kuwafuata pasipo kuuliza.

I. Udongo ni kitu gani?

Wengi hudhani udongo ni vumbi la mawe tu, kama sanduku la kuwekea mizizi. Sivyo. Udongo mzuri una hewa, maji, mabaki ya majani yaliyooza, na viumbe hai wengi mno. Wengine twawaona, kama jongoo na nyungunyungu. Wengine ni wadogo hata macho hayawezi kuwaona, kama bakteria. Hao hula majani na mizizi iliyokufa, na kwa kazi yao chakula kilichofungwa ndani ya mabaki hayo hufunguliwa, mimea ikaweza kukipokea. Tena ziko aina za kuvu zinazoishi pamoja na mizizi ya mahindi, maharagwe, nyanya na mimea mingine mingi. Hunyosha nyuzi zake nyembamba mahali ambapo mizizi haifiki, huuletea mmea fosfori, na mmea huzilipa kwa sukari. Sukuma wiki na kabichi hazina urafiki huo, walakini nazo hufaidi kazi ya viumbe wengine.

Tukiutifua udongo, nyuzi hizo hukatika na vijia vya nyungunyungu huvunjika. Hewa huingia kwa wingi ghafula, mabaki huoza upesi kupita kiasi, na chakula kingi hupotea kabla mimea haijakitumia. Kwa siku chache udongo huonekana laini. Kisha ukimwagiwa maji mara kwa mara hushindilia kuliko mwanzo.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1881 Charles Darwin wa Uingereza alitoa kitabu kizima juu ya kazi ya nyungunyungu, akaonyesha jinsi wanavyougeuza udongo pasipo jembe. Mwaka 1943 Edward Faulkner wa Marekani aliandika kitabu kuwaonya wakulima juu ya plau inayopindua ardhi. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Tazameni kihamba cha Mchagga: majani na magogo ya migomba huachwa chini yaoze, samadi ya ng'ombe na mbuzi huletwa mashinani, na miti hutia kivuli juu ya yote. Chini ya majani hayo udongo ni mweusi na laini, nao umelisha vizazi vingi.

Walakini chombo si kihamba. Ni nyumba iliyofungwa: nyungunyungu hawawezi kuingia wenyewe, mizizi haiwezi kutafuta chakula mbali, na jua hukausha upesi. Kwa kuwa hatukusudii kuutifua tena, sharti matengenezo ya kwanza yawe mazuri.

II. Matengenezo ya kwanza

Kwanza, chombo. Kikubwa ni bora kuliko kidogo, maana kidogo hukauka upesi na viumbe wake hufa. Ndoo ya lita 20 yafaa kwa kuanza; nusu ya pipa la lita 200 ni bora zaidi. Msitumie kamwe chombo kilichowekwa dawa ya wadudu, mafuta ya gari au rangi. Toboeni matundu chini ili maji yapite. Wengi hutia kokoto chini wakidhani maji yatatoka vizuri. Hilo halisaidii, kwa kuwa maji husimama pale udongo unapokutana na kokoto, nayo mizizi hupungukiwa na nafasi.

Pili, mboji. Pangeni rundo lenye upana na kimo cha mita 1 hivi: majani makavu, majani mabichi, na samadi, tabaka juu ya tabaka, mkinyunyizia maji. Rundo litapata moto ndani. Ligeuzeni mara kwa mara, ili sehemu za nje nazo zipate moto, maana moto huo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Baada ya miezi mitatu au zaidi rundo hupoa, na harufu yake huwa kama ya udongo wa msituni. Hapo ndipo imekuwa mboji. Ikinuka samadi, au ikiwa na moto bado, haijaiva. Hilo ndilo kosa lililoua miche ya yule mjane: samadi mbichi ya kuku ina chumvi na hewa kali ya amonia, nazo huunguza mizizi. Mwangalie basi: rundo ndilo la kugeuzwa, si chombo.

Tatu, mchanganyiko. Kwa nusu ya pipa twaeni ndoo 2 za mboji, ndoo 2 za udongo mweusi wa juu, na ndoo 2 za vitu vya kufungulia hewa, kama maganda ya mpunga au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Kwetu maganda hupatikana mashineni, maana upande wa chini wa Moshi hulimwa mpunga. Vitu hivyo vikichanganyika hushuka, kwa hiyo ndoo 6 hazizidi. Mwenye vumbi la makaa aweza kutia kidogo, lakini aliloweke kwanza katika maji ya mboji, la sivyo litanyonya chakula cha mimea. Majivu yawe konzi moja tu, yakizidi yataharibu.

Nne, pumziko. Lowesheni mchanganyiko, mfunike kwa majani makavu, mngoje majuma mawili hata manne. Mwingi wa pupa hupanda siku ile ile. Mwenye busara huwapa viumbe wa udongo nafasi ya kukaa nyumbani mwao kwanza. Yafaa pia kutia nyungunyungu wachache wekundu waliotoka katika rundo la samadi iliyopoa.

III. Kuutunza udongo

Usiuache uchi. Tandazeni majani makavu, nyasi au maganda ya maharagwe, unene wa vidole viwili au vitatu, ila msiyasogeze hata kugusa shina, lisije likaoza. Majani hayo huzuia jua, hupunguza magugu, nayo huwa chakula cha viumbe walio chini.

Maji yawe kwa kiasi. Shikeni udongo mkononi mkaukamue: ukishikamana na kutoa tone moja au mawili, wafaa, ukichuruzika, yamezidi, ukimwagika kama unga, una kiu. Udongo uliofurika hukosa hewa, na udongo uliokauka kabisa huua watumishi wake.

Mavuno yakiisha, msing'oe. Kateni shina usawa wa udongo, mkaache mizizi ndani. Ikioza huacha vijia vya hewa na maji, tena huwa chakula. Kisha tandazeni mboji iliyoiva juu, unene wa vidole viwili, mrudishe majani ya kufunika, mkapande mche mpya kando ya kisiki cha zamani. Mtaona udongo umeshuka kidogo kila msimu. Msishangae, maana umeliwa. Mboji ya juu ndiyo malipo.

Yafaa pia kupanda kunde baada ya mboga za majani. Mizizi yake ina vinundu, na ndani yake bakteria huichukua naitrojeni ya hewani wakaigeuza kuwa chakula. Kinundu kizuri hubanduka upesi kwa kidole, na ndani ni chekundu kidogo. Lakini mzizi wenyewe ukiwa umevimba na uvimbe haubanduki, hao ni minyoo wadogo waharibifu.

IV. Je, sheria hii haina mpaka?

Inao. Nyanya ikinyauka ghafula kwa ugonjwa, au mizizi ikiwa na uvimbe wa minyoo, hapo ng'oeni mmea wote na mizizi yake, mkauchome moto. Wala msipande tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo katika chombo kile. Vilevile udongo ukinuka uvundo, yachunguzeni matundu ya chini, huenda yameziba. Tusiipende sheria hata tukaacha kutazama.

Baada ya kukiri kosa letu tulimpelekea yule mjane mboji iliyoiva na miche mingine. Tangu hapo amevuna mara tatu katika nusu ya pipa lile lile, pasipo kuumwaga udongo hata mara moja, wala hanunui udongo tena. Juzi alipofunua majani kutuonyesha nyungunyungu, alicheka. Nasi tulicheka, lakini moyoni tulikumbuka kwamba miche ile ya kwanza ilikuwa chakula cha watoto wake. Afundishaye na achunguze kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Maswali ya kujifunzia:

1. Kwa nini udongo huitwa kitu kilicho hai?
2. Utaijuaje mboji iliyoiva?
3. Mavuno yakiisha, tufanye nini na mizizi, na ni wakati gani tusifanye hivyo?
4. Chombo kinapungukiwa na nini ambacho kihamba kinacho?