Kwenda Kisiwani na Watoto: Tuongozwe au Tujiongoze?

Mume na mke mmoja wa hapa Hurlingham, waliooana miaka kumi na sita, waligombana kwa ajili ya safari ya siku moja. Walikwisha kukubaliana kuwapeleka watoto wao watatu pwani likizo ya Agosti, na kutoka huko wavuke kwenda kisiwa cha Wasini, kusini kabisa mwa Kenya. Mke alitaka walipie kampuni ya utalii, wachukuliwe hotelini asubuhi na kurudishwa jioni. Mume alisema huko ni kutupa fedha. Kwa nini Mkenya aongozwe katika nchi yake mwenyewe? Wapande matatu, wafike Shimoni, wakodi mashua, basi.

Kwa siku nne hawakuzungumza ila kuhusu chumvi na karo. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyeuliza, “Mama, kwani bado tunaenda?”

Katika somo hili tutazame mambo mawili: safari yenyewe, na kile kilichojificha nyuma ya ugomvi.

Ijueni safari kwanza

Watu wengi hubishana juu ya mahali wasipopajua. Shimoni ni kijiji cha wavuvi, kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Mombasa. Kisiwa cha Wasini kiko ng’ambo yake, na kuvuka kwa boti ni dakika chache tu. Kisiwani hakuna magari. Kuna kijiji cha kale, na kuna bustani ya matumbawe yaliyoachwa na bahari, ambapo akina mama wa kijiji wana njia ya mbao ya kupitia wageni. Huko Shimoni yapo mapango yanayokumbukwa kwa historia ya biashara ya watumwa. Haya yote familia inaweza kuyaona bila kampuni, ikimchukua mwenyeji wa hapo kuwa kiongozi.

Lakini Hifadhi ya Bahari ya Kisite ni jambo jingine. Iko mbali zaidi, baharini penye mawimbi, na ndiko watu waendako kuwatazama pomboo na kuogelea juu ya matumbawe. Kwenda huko kwa mashua huchukua muda mrefu, na mtoto akichafuka roho hapana mahali pa kushuka.

Kwa hiyo mume na mke wale walikuwa wakibishana juu ya safari mbili tofauti. Mume alifikiria kijiji, mke alifikiria bahari. Wote wawili walikuwa na haki.

Jambo la pili ni majira. Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na bahari huchafuka. Upepo wa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huleta maji matulivu na maangavu. Likizo ya Agosti basi huangukia ndani ya kusi, na ile ya Desemba huangukia katika kaskazi. Safari ambayo familia ingeweza kujipangia yenyewe Desemba, huenda Agosti ikahitaji mtu mwenye uzoefu wa kusema, “Leo hatuendi.”

Tena kuna maji kujaa na kupwa. Hubadilika kila baada ya saa sita hivi, na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kina pwani ya Kenya yaweza kukaribia mita 4. Mtu wa Nairobi hawezi kuyakisia haya kwa kutazama saa yake. Mgeni ni kipofu ingawa ana macho.

Faida na gharama za kila njia

Safari ya kuongozwa ina faida zake. Bei hujulikana mapema. Chakula, mashua, miwani ya kuogelea na mara nyingi ada ya hifadhi huwa ndani yake. Wazazi wote wawili hupumzika. Ubaya wake ni kwamba mnakwenda kwa saa za watu wengine. Mtoto wa miaka minne akitaka kukaa na kaa wake mchangani, mashua haimngoji.

Safari ya kujipangia inawapa uhuru, na fedha yenu huingia moja kwa moja mkononi mwa nahodha na mama wa kisiwani aliyewapikia. Lakini ina kazi: kutafuta gari, kupatana bei, kukagua mashua, kubeba maji, kulipa ada za hifadhi, ambazo siku hizi hulipwa kwa njia ya kielektroniki wala si kwa fedha taslimu.

Na je, ni rahisi kweli? Tufanye hesabu ya kujifunzia tu, si bei ya mahali popote. Tuseme kampuni inatoza shilingi 6,000 kwa kila mtu. Watu watano ni 30,000. Mkijipangia, mashua nzima 12,000, gari 5,000, chakula 5,000, ada na vifaa vya kuogelea 6,000. Jumla ni 28,000. Familia imegombana siku nne kwa shilingi 2,000! Lakini mkialikana na familia ya jirani, bei ya mashua ni ile ile na mnaigawana. Hapo kujipangia kunaanza kuwa na faida ya kweli. Andikeni hesabu yenu kwenye karatasi kabla ya kutoa maneno.

Kilichojificha

Mume na mke wale walipoketi hatimaye, mke alisema jambo alilolinyamazia kwa miaka: “Baba watoto, kila mara unaposema tujipangie wenyewe, anayepanga ni mimi. Wewe unajitegemea, mimi ninabeba mkoba, chupa, na mtoto aliyelala. Nataka siku moja nami niwe mgeni.”

Mume alinyamaza. Kisha naye akasema lake. Kazi za ziada alizokuwa akizitegemea zilikatika tangu Machi. Aliona haya kusema, akaona ni afadhali aitwe bahili kuliko kuonekana hana.

Hapo ugomvi wa mashua ukaisha, maana haukuwa wa mashua. Yeye alificha uchovu, huyu alificha upungufu. Mke mmoja hawezi kupunguziwa mzigo asioutaja, wala mume hawezi kusaidiwa deni analolifunika kwa kiburi.

Walichagua njia ya katikati. Walikwenda Shimoni kwa gari la kukodi, wakavuka hadi Wasini tu, wakamlipa kijana wa kijiji awatembeze na mama mmoja awapikie wali wa nazi na samaki. Mume ndiye aliyepanga yote na kubeba mkoba. Kisite wakaiweka kiporo hadi Desemba, wakianza kuiwekea akiba kidogo kidogo.

Mambo yasiyo na mjadala

Njia yoyote mtakayochagua, shikeni haya:

1. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Kama halipo, msipande, hata kama mmekwisha lipa.
2. Mpatane bei na saa ya kurudi kabla ya kupanda. Nauli ya kurudi ilipwe mkiwa mmerudi.
3. Nahodha apatikane gatini penye wenzake na maofisa, si kwa kijana aliyewakuta njiani.
4. Nahodha akisema bahari mbaya, mume asijifanye jasiri mbele ya watoto. Kurudi nyuma nako ni kuongoza.
5. Wasini ni kijiji cha Waislamu. Vaeni kwa heshima mnapopita kati ya nyumba za watu, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Watoto wakiisha lala, mume na mke waulizane bila haraka:

– Katika safari yetu iliyopita, ni nani aliyepumzika? Nani aliyefanya kazi?

– Je, kuna jambo la fedha ambalo mwenzangu halijui, nami ninalifunika kwa kubisha?

– Mtoto wetu mdogo anaweza kuvumilia saa ngapi chomboni?

– Tunachokitaka ni kukiona kisiwa, au kuwa pamoja? Kama ni kuwa pamoja, ni njia ipi itakayotuacha na nguvu ya kucheka jioni?

Mkishayajibu haya, swali la kampuni au mashua ya kukodi litakuwa dogo. Yule mtoto wa miaka tisa, alipoulizwa aliporudi ni kitu gani kilichomfurahisha zaidi, hakutaja matumbawe wala samaki. Alisema, “Baba alibeba mkoba, na Mama akalala kwenye mkeka.”