Taa ya Kichwani ya Mwokoaji wa Mlimani

*Mimi ni mwokoaji Kilimanjaro. Usiku, tukipita kibanda cha Kibo, mita 4,720, taa yangu hufifia upesi ingawa betri ni mpya. Ninunue taa gani? — M., Marangu*

Ndugu M., wasiwasi wako ni wa haki, lakini aghalabu taa haina dosari, bali ni baridi idhoofishayo betri za alkali. Chagua, basi, taa itumiayo betri za lithiamu, au ile ambayo kasha la betri huunganishwa kwa waya likahifadhiwa ndani ya koti, yenye mwanga mpana wa kukanyagia na mwembamba wa kupekulia makorongo, na swichi ibonyezekayo kwa glavu. Penye ukungu punguza mwanga, maana ulio mkali hukurudia machoni. Chukua taa ya akiba daima; nayo ikififia, mwarifu kiongozi wako hima, kabla hamjaendelea.