Joto Chini ya Paa la Bati: Namna ya Kuchagua Kihami

Mtu aingiaye katika karakana au ghala la mabati saa nane mchana, jua la mwisho wa Septemba likiwaka, huhisi joto kichwani na mabegani kabla ya kulihisi miguuni. Ajabu ni kwamba hewa ya mle ndani, kwa kimo cha mtu, pengine haikuzidi sana joto la hewa ya kivulini nje. Basi joto limchomalo latoka wapi? Anunuaye kihami joto kabla ya kulijibu swali hili aweza kupoteza fedha zake bure.

Hebu tuchukue karakana ya kuwazia, iliyojengwa Kiloleli katika Mkoa wa Simiyu, ule ulioanzishwa mwaka 2012. Paa lake lina eneo la mita mraba 60, nalo ni bati tupu lililoshika kutu na masizi. Sehemu zile ziko kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo siku hizo jua la adhuhuri husimama utosini hasa. Mbingu ikiwa nyeupe, kila mita mraba ya paa hupokea nishati ipatayo wati 1000.

Mwanafunzi atakumbuka kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Kwa mpitisho, joto hupita ndani ya kitu chenyewe. Na chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1000 kuliko pamba. Bati lenye unene usiofika milimita moja halizuii kitu, na upande wake wa chini huwa moto sawa na wa juu, hata kupita nyuzi 60 za sentigredi. Kwa myuko, hewa yenye joto huchukua joto kwenda juu. Lakini hapa hewa ya moto iko juu tayari, na kwa kuwa ni nyepesi hubaki huko huko chini ya kenchi. Yabaki njia ya tatu, mnururisho, ambao hauhitaji hewa wala kitu chochote cha kuuchukua.

Sheria ya Stefan na Boltzmann hutuwezesha kuupima. Bati la nyuzi 60 lina Kelvini 333. Sakafu na watu, tuseme nyuzi 30, ni Kelvini 303. Kila namba ipandishwe kipeo cha nne, tofauti yake izidishwe kwa 5.67 × 10⁻⁸, nasi twapata wati 219 hivi kwa mita mraba. Uso wenye kutu na masizi hutoa yapata sehemu 9 katika 10 za kiasi hicho, yaani karibu wati 200. Kwa paa zima ni wati 12,000: ni kana kwamba fundi anafanya kazi chini ya pasi 12 za umeme, kila moja ya wati 1000!

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni rangi nyeupe juu ya bati, ili jua lirudishwe kabla halijaingia. Ya pili ni karatasi ya alumini ing'aayo, kwa sababu uso wake hutoa sehemu 5 tu katika 100 za mnururisho. Zile wati 200 hushuka hadi 11 hivi. Lakini ikibandikwa moja kwa moja kwenye bati, mpitisho huifanya iwe moto sawa na bati lenyewe, na uso ukifunikwa na vumbi huacha kung'aa. Iachwe nafasi ya sentimita 2 au zaidi chini ya bati, na upande ung'aao utazame chini, vumbi lisipate pa kutua. Isiguse kamwe nyaya za umeme.

Vipi pamba, zao la mkoa wenyewe? Hakika ni kihami bora, maana hushika hewa isitembee. Tabaka kavu la sentimita 5 hupitisha wati 24 tu kwa mita mraba endapo tofauti ni nyuzi 30. Babu zetu Wasukuma walipata faida hiyo hiyo katika nyasi za nyumba za msonge. Lakini pamba ikilowa, maji hushika mahali pa hewa, nayo hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Tena cheche moja ya fundi wa kuchomelea yaweza kufuka ndani yake siku nzima bila mwali, kisha ikalipuka usiku watu wamelala. Lile povu jeupe wafungiamo redio madukani nalo huyeyuka na kuwaka kwa moshi mweusi. Mimi nisingeweka hata kimoja cha viwili hivyo juu ya karakana yenye moto; pamba ya kioo ni ghali, na huwasha ngozi wakati wa kuitandika, lakini haiwaki.

Walimu waweza kulijaribu jambo hili kwa maboksi matatu yaliyolingana, kila moja likiwa na kifuniko cha bati la debe lililopakwa masizi pande zote mbili. La kwanza liachwe hivyo. La pili libandikwe alumini chini ya bati. La tatu alumini itandazwe sentimita 2 chini yake. Yawekwe juani tangu saa tano hadi saa nane, kipimajoto kikiwa sakafuni mwa kila boksi, na wanafunzi waandike nyuzi kila dakika 15. Kabla ya kuanza, kila mmoja aandike boksi lipi litakuwa la pili kwa joto, na kwa nini.