Kushusha Gari Nyuma Bila Kuumiza Migongo

Vijana wengi hupenda kushusha magari ya zamani ili yapendeze. Baba yangu mdogo naye ataka kuishusha Volkswagen yake ya mgongo wa kobe, ya namna ile iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1962. Kwa kuwa mimi ndiye nipandaye kiti cha nyuma, nimelichunguza jambo hili.

Nyuma ya gari hili hamna springi za kuviringika. Kila upande una ufito wa chuma uliolala ndani ya bomba, nao husokotwa gurudumu lipandapo. Ncha yake ya ndani ina meno 40, ya nje 44. Basi jino moja la ndani ni nyuzi 9, la nje ni kama nyuzi 8. Fundi akizungusha ndani jino moja huku, na nje jino moja kule, badiliko halifiki hata uzi 1. Ndivyo ashushavyo kidogo kidogo.

Ugumu wa ufito haubadiliki. Kinachopungua ni nafasi ya gurudumu kupanda. Ikiisha, chuma hugonga mpira wa kizuizi, na abiria hurushwa. Shokapu ndefu nayo hufika mwisho mapema. Yafaa iwekwe fupi. Tena magurudumu huinama, na matairi huliwa upande wa ndani.

Shauri langu: ashushe kidogo, apime pande zote mbili mahali tambarare, kisha alijaribu gari likiwa na abiria wote. Gari likipendeza macho likaumiza migongo, nani atakayelipanda?