Kabla ya Kuagiza, Tazama Dirishani

Mgeni akiingia baa ya Dublin, Cork au Galway kwa mara ya kwanza huagiza Guinness, kisha huendelea nayo mwaka mzima, mvua au jua. Hakosei sana. Ila wenyeji walio pembeni yake kaunta hubadili vinywaji kadiri majira yanavyobadilika, na anayetaka kuzifaidi baa za Ayalandi afanye kama wao: aangalie nje kwanza, ndipo aite mhudumu.

Tuanze na hiyo Guinness, maana ndiyo nguzo ya miezi yote. Aliyezoea chupa ya Nairobi au Dar es Salaam ajue anakutana na kinywaji kingine. Ile ya chupa ni kali na chungu. Hii ya bomba ina kileo cha asilimia 4.2 tu, ni laini mdomoni, na gesi ya naitrojeni ndiyo inayolipa povu lake ule uzito. Mhudumu huinamisha glasi, huijaza hadi robo tatu, huiacha itulie, kisha humalizia. Shughuli nzima huchukua karibu dakika mbili. Usimharakishe, wala usinyooshe mkono wakati bado ni ya kahawia. Ngoja iwe nyeusi tii na povu likae juu. Painti moja ni mililita 568, kwa hiyo ukiona ni nyingi omba nusu, hakuna atakayekushangaa. Na ukiwa Cork, ipumzishe Guinness: mji huo una bia nyeusi zake, Murphy's na Beamish, na kuagiza mojawapo kutakufungulia mazungumzo haraka.

Desemba jua la Dublin huzama saa kumi jioni na dakika chache. Baridi yenyewe si ya kutisha kwa kipimo cha Ulaya, lakini ina unyevu unaopenya koti. Hapo ndipo wiski ya moto inapopata maana yake. Ni toti moja ya wiski, sukari ya kahawia kijiko kimoja au viwili, maji ya moto, na kipande cha limau kilichochomekwa karafuu. Naam, karafuu, msomaji wa Pemba ataitambua harufu kabla glasi haijatua mezani. Mhudumu anayeijua kazi hupasha glasi kwanza kwa maji ya moto na kuyamwaga, ili kinywaji kisipoe mapema. Karafuu zichomekwe kwenye nyama au ganda la limau, zisielee ovyo, vinginevyo utazitafuna. Wiski yenyewe isiwe ya bei kubwa, kwani sukari na limau vitaifunika. Powers au Jameson ya kawaida yatosha. Zile zilizokaa miaka mingi kwenye mapipa zinywewe peke yake, na matone machache ya maji baridi. Toti ya Jamhuri ya Ayalandi ni mililita 35.5, kubwa kuliko ile ya mililita 25 utakayoikuta katika baa nyingi za Uingereza, basi hesabu vizuri.

Kahawa ya Kiayalandi nayo ni ya majira hayo hayo, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na baa zisizojali. Chanzo chake kinatajwa kuwa Foynes, kaunti ya Limerick, mahali ndege za majini zilipotua kabla ya kuvuka Atlantiki. Mpishi wa hapo, Joe Sheridan, ndiye anayesifiwa kwa kuibuni mwaka 1943 ili kuwachangamsha abiria waliopigwa na baridi. Mwaka 1952 ikaanza kuuzwa katika mkahawa wa Buena Vista huko San Francisco, na kutoka hapo ikaenea duniani. Ukiiagiza, tazama mambo matatu. Kahawa iwe nyeusi, ya moto na nzito. Sukari ikorogwe mpaka iyeyuke yote, kwa sababu ndiyo inayosaidia krimu kuelea. Krimu ipigwe kidogo tu, isitiwe sukari, na imiminwe polepole juu ya mgongo wa kijiko. Ikitoka kwenye kopo la kupuliza, hiyo si kazi. Ikishafika mbele yako usikoroge: unywe kahawa ya moto ukiipitisha kwenye krimu baridi. Na uagize alasiri, si usiku, kama una haja ya kulala.

Tarehe 25 Desemba baa hufungwa. Siku inayofuata hujaa mpaka mlangoni, kwa hiyo ukitaka kiti fika mchana.

Machi huja na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17. Bia iliyotiwa rangi ya kijani ni desturi ya Marekani, usiulizie Dublin. Wenyeji wenyewe, kuanzia miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, siku hiyo walikuta baa zimefungwa kisheria. Mimi ningeenda baa ya mji mdogo na kukaa na painti yangu, nikiukwepa umati wa wageni katikati ya jiji.

Kiangazi, Juni jua huchelewa kuzama hadi karibu saa nne usiku, na watu hutoka nje na glasi zao. Huu ndio wakati wa saida, kinywaji cha matufaha kilichochachushwa. Anayeijua Savanna hatapotea. Ya Clonmel, kaunti ya Tipperary, huitwa Bulmers ndani ya Jamhuri na Magners nje yake. Humiminwa juu ya barafu kwenye glasi ya painti, na chupa huachwa mezani ili ujiongezee mwenyewe. Barafu hudanganya: saida baridi hushuka kama maji, ilhali kileo chake kinazidi cha Guinness ya bomba.

Septemba msimu wa chaza wa asili hufunguka, na Galway huwafanyia tamasha lililoanza mwaka 1954. Chaza mbichi, mkate wa kahawia wenye siagi, na bia nyeusi: chumvi ya bahari hukutana na uchungu wa shayiri iliyokaangwa. Kama ungekuwa na safari moja tu ya Ayalandi, ningekuambia uifanye wiki hizo.

Je, usiyekunywa kileo? Ingia bila wasiwasi. Nchi hii ina chama cha Kikatoliki cha wasiokunywa kabisa, Pioneer, tangu mwaka 1898, na wanachama wake wamekuwa wakikaa baa miaka yote wakipiga soga. Asiyechukizwa na ladha ya bia ataikuta Guinness 0.0 karibu kila mahali. La sivyo agiza chai. Barry's ya Cork huchanganya majani ya Kenya na Rwanda, na huja kwenye buli, ikiwa nyeusi na kali, maziwa pembeni.

Mwisho ni raundi. Mkikaa wanne, kila mmoja huwanunulia wote kwa zamu, na zamu hairukwi. Nne ni nyingi, hasa zikiwa za wiski ya moto, na sheria ya kuendesha gari huko ni kali. Kwa hiyo kama unataka moja tu, sema kabla ya raundi ya kwanza kuagizwa kwamba utajinunulia mwenyewe. Hawatanuna. Watakaonuna ni wale uliokunywa zao tatu ukaaga zamu yako ilipofika.